Unadeti Cuzo Wako na Hujui? Hesabu ya Undugu Kabla Umpeleke Ocha Kericho ama Bomet

Picha ni hii. Mmepatana Roysambu kwa bashi ya rafiki. Yeye ni wa Sotik, wewe ni wa Litein. Stori zinaingiana haraka juu wote mmelelewa na majani chai: mnajua kuamka giza ikiwa bado, mnajua kikapu mgongoni na viatu vimelowa umande, mnajua venye bonasi ya Oktoba hufanya wazee wawe wakarimu ghafla. Siku ya kwanza kabisa mliulizana oret. Zenu ni tofauti. Mkacheka, mkasema hiyo imeisha.

Mwaka na nusu baadaye unampeleka ocha. Kogo anampokea vizuri, sotet ya mursik inatolewa. Kisha maswali. Babako ni nani? Nyumbani kwenu ni karibu na wapi? Na mama yake mamako, yeye alitoka wapi kabla aolewe Sotik?

Kwa hilo swali la tatu kogo alinyamaza. Nasema "alinyamaza" juu huyo msee ni mimi. Nyanyake huyo manzi na kogo wangu ni dada, tumbo moja. Mmoja aliolewa Litein, mwingine Sotik, na kwa sababu ya umbali na umaskini wa wakati huo wakawa wanaonana kwa mazishi tu. Sisi wajukuu hatukuwahi kuonana hata siku moja hadi Nairobi ilipotukutanisha.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo sitajifanya profesa. Lakini hii hesabu ni ya vidole tu, na ningeijua mapema ingeniokolea machozi mengi. Shika kalamu.

Hesabu yenyewe

Neno "cuzo" tunalitumia vibaya. Kila mtu ni cuzo: jirani, mtoto wa rafiki ya mathe, hata yule msee wa boda wa kwenu. Ukitaka kujua undugu wa ukweli, tafuta kwanza mtu mmoja, ama mume na mke, ambao nyote wawili mmetoka kwao. Huyo ndiye mzee wenu wa pamoja. Kisha hesabu ngazi.

Kutoka kwako hadi kwa mzazi wako ni ngazi moja. Hadi kwa babu ama nyanya ni mbili. Hadi kwa mzazi wa babu ama wa nyanya ni tatu. Endelea hivyo hadi umfikie yule mzee wa pamoja. Mwenzako naye ahesabu zake.

Sasa angalia namba mbili mlizopata. Chukua ile ndogo, toa moja. Jibu ndio daraja la ucuzo wenu.

Mbili na mbili: toa moja, inabaki moja. Nyinyi ni cuzo wa kwanza, wajukuu wa babu mmoja. Tatu na tatu: mnakuwa cuzo wa pili. Nne na nne: cuzo wa tatu. Rahisi hivyo.

Na kama namba hazilingani? Sema wewe una tatu, yeye ana mbili. Ndogo ni mbili, toa moja, ni cuzo wa kwanza. Lakini tofauti ya ngazi ni moja, maana yake yeye yuko kizazi kimoja juu yako. Kwa lugha ya nyumbani: ni cuzo wa kwanza wa mzazi wako. Anaweza kuwa rika lako kabisa, mmesoma darasa moja, lakini kwa heshima ni shangazi yako ama mama mdogo wako. Kwa familia ambapo babu alioa wake watatu na akazaa hadi uzeeni, hii hutokea sana.

Sasa turudi kwangu. Mimi hadi kwa babangu, moja. Hadi kwa kogo, mbili. Hadi kwa wazazi wa kogo, tatu. Yeye hadi kwa mamake, moja. Hadi kwa nyanyake, mbili. Hadi kwa wazazi wa nyanyake, ambao ni wale wale, tatu. Cuzo wa pili. Kogo alifanya hiyo hesabu kwa sekunde kumi bila kalamu.

Jina la mwisho litakudanganya

Najua unachofikiria. "Si ningeangalia tu jina lake?" Kwa Wakalenjin hiyo haisaidii sana.

Majina mengi yetu yanaeleza ulizaliwa lini ama katika hali gani. Kiprotich ni wakati ng'ombe wanarudi boma. Chepkemoi ni usiku. Kipkoech ni alfajiri. Cheptoo, kulikuwa na wageni. Kuna maelfu ya akina Koech ambao undugu wao ni kwamba wote walizaliwa kukipambazuka.

Halafu kuna mambo ya arap, yaani "mwana wa". Zamani jina la baba ndilo lilikuwa linakuja mwisho, kwa hivyo lilibadilika kila kizazi. Chukua rais wa pili wa Kenya, Daniel arap Moi. Babake aliitwa Kimoi arap Chebii. Mtoto ni arap Moi, baba ni arap Chebii, na ni boma moja. Siku hizi wengi wamegandisha jina moja kwa sababu ya kitambulisho na vyeti vya shule, lakini kila ndugu aligandisha lake. Unaweza kupata babako ni Langat na ndugu yake, wa baba mmoja mama mmoja, ni Rotich. Watoto wao ni cuzo wa kwanza na kwa karatasi hawana jina la pamoja.

Oret inashika wengi, lakini kwa mstari mmoja

Ndiyo maana wazee hawaulizi jina, wanauliza oret. Oret ni ukoo, na kila oret huwa na kiumbe ama kitu chake cha heshima. Talai ni simba. Kipasiso ni jua. Unaipata kutoka kwa babako, yeye kwa babake, hivyo hivyo hadi huko nyuma ambapo hakuna mtu anakumbuka. Watu wa oret moja ni ndugu, na ndugu hawaoani. Kuna oret kubwa zilizogawanyika matawi, na kwa baadhi wazee huruhusu matawi tofauti kuoana, lakini hiyo ni ya kuulizwa, usijiamulie.

Na oret si kitu cha mapambo. 1934 serikali ya mkoloni ilitunga sheria ya kuwaondoa Talai wa Kipsigis kwao na kuwapeleka Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, upande ambao leo ni kaunti ya Homa Bay. Wazee, akina mama na watoto walibebwa pamoja, na walikaa huko hadi karibu na uhuru. Mtu alihamishwa kwa sababu ya oret aliyozaliwa nayo.

Sasa angalia inavyofanya kazi kwa hesabu yetu. Wewe na mtu wa oret yako mnaweza kuwa na mzee wa pamoja ngazi nane huko juu. Nane toa moja, cuzo wa saba. Kwa damu hapo hakuna kitu cha maana, watu wengi wa umbali huo hawana hata kipande kimoja cha urithi kinachofanana ambacho kipimo kitaona. Lakini kwa mila ni dada yako, na koito haitafika popote.

Ona pia kitu kingine: oret inafuata ng'ombe za mahari kuliko inavyofuata damu. Wakipsigis na Wanandi wana ndoa ya mwanamke kwa mwanamke. Mama asiye na mtoto wa kiume anatoa mahari, anaoa msichana, na watoto wanaozaliwa ni wa hiyo boma na oret yake. Mwanaume aliyeleta hao watoto hatajwi kwa hesabu. Ana watoto wengine mahali, na hao wote ni ndugu wa damu wenye oret tofauti.

Hapo ndipo shimo liko. Una wazazi wawili, babu na nyanya wanne, na juu yao watu nane. Katika hao nane, oret yako inatoka kwa mmoja tu: baba ya babu yako wa upande wa baba. Wale wengine saba hawaonekani. Mkiulizana oret peke yake, mmekagua mlango mmoja kwa nyumba ya milango minane.

Akina nyanya ndio wanapotea

Mwanamke akiolewa anahamia kwa mume. Watoto wake wanabeba oret ya huko. Wajukuu wake wanajua kogo ni wa hapa tu, kana kwamba aliota kwa hiyo shamba. Akipita kizazi kimoja, jina la kwao linabaki kwa kichwa chake peke yake.

Ongeza historia ya hii ardhi yetu. Makampuni ya chai yalipoingia Kericho miaka ya 1920, na walowezi wakachukua mashamba upande wa Sotik, watu walibanwa. Wengine walienda kutafuta kazi kwa mashamba ya Nakuru na Molo, wengine wakavuka hadi Trans Mara. Dada mmoja alibaki, mwingine akaolewa mbali. Leo wajukuu wao wanapatana Kanairo, na wanaonana wageni kabisa.

Lugha yenyewe inajua upande wa mama ni muhimu. Kwa Kikipsigis, ndugu ya mamako unamuita "mama". Ndio, mjomba ni mama. Na haiishii hapo: mtoto wake wa kiume pia ni mama kwako. Kuna kaboy ka darasa la pili huko kwetu ambako lazima nikaheshimu kama mjomba, na kenyewe kanajua na kananiitisha pesa ya soda. Dada ya babako naye ni senge. Mtoto wa ndugu ya babako ni ndugu yako tu, mambo ya cuzo hayapo. Kila neno linakuambia umesimama wapi. Shida ni kwamba sisi wa Nairobi tumeyaweka yote kwa gunia moja la "cuzo" na "anko".

Na kama unadeti mubaba, shika hii pia. Kwa mila, mwanaume haoi binti ya mtu wa ipinda yake, yaani rika alilopashwa tohara nalo, hata kama hawana undugu wowote. Binti ya mwenzake ni binti yake. Kwa hivyo uliza huyo sponsa wako ipinda gani, halafu umuulize buda yako.

Sheria na damu zinasema nini

Usidhani ni mambo ya wazee tu. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014, kifungu cha 10, ina orodha ya watu huwezi kuoa. Binamu yuko ndani. Waislamu wameruhusiwa kwa hilo la binamu, ndiyo maana Mombasa ama Lamu utapata watoto wa ndugu wawili wameoana kihalali na familia zimefurahi. Kifungu hicho hicho kinaongeza mtu yeyote ambaye mila inakukataza kumuoa. Kwa hivyo hilo suala la oret, ambalo ulidhani ni stori za kando ya moto, linaweza kukufuata hadi kwa msajili wa ndoa.

Kwa upande wa afya, cuzo wa kwanza wanashiriki kwa wastani asilimia 12.5 ya urithi wa damu. Cuzo wa pili, kama asilimia 3. Cuzo wa tatu, chini ya asilimia 1. Kwa wazazi wasio na undugu, watoto kama 3 kwa kila 100 huzaliwa na kasoro kubwa. Kwa cuzo wa kwanza inapanda hadi kama 5 ama 6. Kwa cuzo wa pili tofauti ni ndogo sana.

Kwa hivyo mimi na manzi yangu, daktari pengine hangetushtukia. Lakini kwa kogo, yule msichana alikuwa mjukuu wa dadake, na mjukuu wa dadake ni mjukuu wake. Alisema, "Nyinyi wote ni wangu, nitampokea nani mahari?" Sikuwa na jibu. Hadi leo sina.

Kazi yako ya wikendi hii

Usingoje upendo ushike mizizi. Fanya hivi:

1. Andika watu wanane. Kwa foni ama kwa karatasi. Wazazi wa babu na nyanya zako wote wanne. Ukikwama kwa watatu, usijali, wengi wetu tunakwama hapo. Ndiyo maana unahitaji kupiga simu.

2. Kila mtu mpe vitu vitatu. Oret yake, mahali alizaliwa (si mahali aliolewa), na ndugu zake walienda wapi. Kwa wanaume ongeza ipinda. Wazee wengi hawajui mwaka waliozaliwa, lakini hakuna anayesahau kama ni Chumo ama Sawe, na hiyo inakusaidia kujua nani ni kizazi gani.

3. Anza na kogo. Muulize kuhusu dada zake, mmoja mmoja, na kila mmoja aliolewa wapi. Muulize pia ulipozaliwa uliitwa jina la nani. Akina mama walikuwa wanataja majina ya waliofariki hadi mtoto apige chafya, na lile alilopigia chafya ndilo lake. Hilo jina ni la mtu wa ukweli kwa familia yako. Liandike.

4. Usitupe karatasi za mazishi. Kale kakijitabu ka wasifu wa marehemu, kenye picha mbele, ndiko rekodi nzuri ya ukoo tuko nayo. Kanasema alikuwa mtoto wa nani, ndugu ya nani, aliolewa wapi, wajukuu ni akina nani. Piga picha kila ukurasa.

5. Linganisheni. Ukipata mtu, wekeni orodha zenu pamoja. Tafuteni oret moja na sehemu moja zikitokea kwa zote mbili, hasa kwa akina mama. Zikitokea, pigeni simu kabla hamjapiga hatua. Mkipata mzee wa pamoja, hesabuni ngazi, toeni moja.

Inachukua jioni moja. Najua inakaa noma kuuliza mtu kwa deti ya pili nyanyake alizaliwa kijiji gani. Ifanye mchezo, muulize kama unataka tu stori. Ni afadhali aibu ya dakika tano kuliko kusimama kwa boma na mgeni wako ukiangalia kogo akifunika sotet.

Yule manzi sasa tuko kwa grupu moja ya familia kwa WhatsApp. Mwaka jana nyanyake aliletwa Litein kwa gari, na wale dada wawili wakakaa chini ya mti mchana mzima wakitaja majina. Sisi wawili tulikaa kando yao, kila mmoja na foni yake, tukiandika. Tulijaza wote nane. Alipomaliza kuandika jina la mwisho alinigeukia akaniita ndugu yangu, kisha akaenda kusaidia kuosha vikombe.

Kogo wako bado yuko? Mpigie leo.